Dari la jipsamu limefanya tumbo baada ya masika: libomolewe lote au lizibwe?

"Habari za kazi fundi. Naishi Makorora, Tanga, kwenye nyumba ya bloku aliyotuachia baba. Miaka michache iliyopita tulitoa siling bodi za zamani sebuleni tukaweka jipsamu; vyumbani zile za zamani bado zipo. Masika ya mwaka huu dari la sebule limepata doa la kahawia la ukubwa wa sinia, na pembeni yake limeshuka tumbo. Mvua zimekata, tumbo halijarudi. Fundi wa kwanza kasema atapiga skimu (unga laini wa kusawazisha) na rangi, kazi ya siku moja. Wa pili kasema dari lote libomolewe, iwekwe jipsamu ya kijani kwa sababu 'hiyo haiingii maji'. Halafu kuna chumba cha mama: ukuta unaopakana na bafu unatoa unga mweupe na plasta inadondoka mpaka usawa wa kiuno. Huyo wa pili anasema ataufunika kwa jipsamu hiyohiyo ya kijani, yaishe. Mama ana pumu. Hela ninayo ya kazi moja tu kwa sasa. Nianze na ipi, na yupi kati yao anasema kweli?"

Pole ndugu yangu, na umpe pole mama. Mafundi wako wote wawili wameangalia ubao wa jipsamu, na ubao hauna kosa. Kosa liko juu kwenye bati, na kwa chumba cha mama liko ndani ya bafu. Wa kwanza akipiga skimu leo, doa litakusalimia tena mvua za vuli. Wa pili naye akibomoa lote, utakuwa umelipia dari jipya ili nalo lilowe. Kwa hiyo hela ya kazi moja iende kwenye paa kwanza. Dari linaweza kusubiri likiwa na tundu; paa haliwezi kusubiri Oktoba.

Nianze na hili la kijani, maana limewagharimu wengi. Ubao wa kijani una dawa ndani yake na kwenye karatasi yake inayoufanya unywe maji polepole. Umetengenezwa kwa ajili ya unyevu wa hewani: mvuke wa jikoni, chumba kilicho karibu na bafu. Haukutengenezwa kudondokewa na maji ya paa. Utachelewa kuharibika, basi. Kuna na wa rangi ya waridi, huo ni wa kuzuia moto kwa muda mrefu zaidi, wala hauhusiani na maji. Kwa sebule yenye paa zima, ubao mweupe wa kawaida unatosha kabisa, hata hapa pwani, mradi mbao zilizoubeba zimepangwa karibu karibu. Hilo la mbao nitalirudia.

Sasa kwa nini tumbo halirudi. Jipsamu ni jasi, jiwe laini ambalo hata Makanya kule Same, kwenye reli ya kwenda Moshi, huchimbwa, na ndilo linalotiwa kwenye saruji ili isigande haraka. Likichomwa na kusagwa linakuwa unga. Ukiurudishia maji unaganda. Kiwandani unga huo uliolowa humwagwa katikati ya karatasi mbili nene ukaganda humo. Nguvu ya ubao kwa sehemu kubwa iko kwenye hizo karatasi: zinavutana na kuzuia katikati kupinda. Maji yakiingia, karatasi inalegea na jasi inalainika, ubao unapinda kwa uzito wake. Ukikauka, unakauka katika umbo hilohilo la kupinda. Ni kama andazi lililochovywa chai, linaonekana zima mpaka ulinyanyue. Ndiyo maana hata ukiupigilia skrubu mpya ukaurudisha juu, kichwa cha skrubu kitapenya karatasi na tumbo litashuka tena.

Halafu uzito wa maji yenyewe tusiudharau. Sentimita moja tu ya maji yaliyotuama juu ya mita moja ya mraba ni lita 10, yaani kilo 10. Ubao wa milimita 9 wa eneo hilohilo una kilo sita au saba hivi. Dari linakuwa limebeba zaidi ya mara mbili ya uzito wake, tena likiwa limelainika.

Kabla ya yote, basi, pima hali ya sasa. Ondoa kochi na kila kitu chini ya hilo tumbo, na watoto wasicheze hapo. Zima swichi kubwa ya umeme, maana nyaya za taa zimelala juu ya ubao na hujui zimekaa vipi kwenye unyevu. Panda ngazi, usisimame chini ya tumbo lenyewe, kaa pembeni. Bonyeza kwa kidole gumba. Pakiwa pagumu na pakavu, bisibisi haizami, dari limekauka na halina haraka ya kuanguka. Pakibonyea kama nyama, au ukisikia ubaridi wa maji, weka ndoo chini na toboa tundu dogo kwa ncha ya bisibisi penye kina kikubwa cha tumbo, maji yatoke taratibu. Watu huogopa kutoboa, wakidhani wanaharibu. Ubao uliofikia hapo umeshakufa. Bora utoe maji kwa tundu moja kuliko ubao mzima ukuangukie usiku.

Twende juu kwenye bati. Jambo ambalo wengi hukosea ni kutafuta tundu juu ya doa moja kwa moja. Maji yakipita kwenye tundu la msumari hushika papi (mbao za mlalo zinazopigiliwa bati), hutembea nayo kufuata mteremko, hufika kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), hushuka nayo, kisha ndipo hudondoka. Doa la sebuleni linaweza kuwa limetoka kwenye kofia ya paa, lile bati la kufunika kileleni, mita tatu huko. Kwa hiyo ingia ndani ya paa mchana na tochi, ufuate michirizi kwenye mbao kuelekea juu. Mbao iliyopita maji ina alama nyeusi au mstari wa vumbi lililoganda. Zima tochi kidogo na uangalie kama kuna mwanga unaopenya.

Kwa Tanga ningeangalia kwanza upande wa paa unaotazama kusini na mashariki, maana mvua za masika huja na kusi na upepo unasukuma maji kinyume na mteremko, yanapanda chini ya kofia na kwenye maungio ya bati. Pili ni misumari. Hewa ya chumvi inakula kichwa cha msumari, na mpira wake jua linaukausha unapasuka. Ukikuta kutu imezunguka misumari mitano, usizibe mitano tu. Angalia mstari mzima.

Kama huoni kitu, tumia mpira wa maji. Mtu mmoja juu, mmoja ndani na tochi. Anzeni kumwagia chini karibu na ukingo wa paa, dakika kumi au kumi na tano, kisha mpande hatua kwa hatua. Mkianzia juu, maji yatashuka sehemu zote na hamtajua yameingilia wapi. Anayepanda bati akanyage penye mistari ya misumari, ndipo papi zilipo. Na kama paa ni kukuu au lina mteremko mkali, usipande wewe. Hiyo ni ya fundi bati.

Kuna hali moja inayochanganya: doa linatokea na mvua hakuna. Miezi ya kipupwe, usiku mkavu wa mbingu wazi, bati linapoa kuliko hewa, na mvuke ulioko ndani ya paa hugeuka matone chini ya bati na kudondoka alfajiri. Doa la namna hiyo huwa limesambaa, vidoa vingi vidogo, siyo sinia moja. Dawa yake ni hewa ipite ndani ya paa, siyo gundi ya bati. Lakini kwa maelezo yako, la kwako ni la mvua.

Paa likishapona, subiri mvua moja au mbili za kweli. Najua inauma kuishi na tumbo dari, ila mvua ndiyo mkaguzi asiyehongeka.

Baada ya hapo dari. Huhitaji kubomoa lote. Toa ubao uliopinda na ule uliolowa, bakiza ulio mgumu. Mpaka wa kukata haupimwi kwa doa. Doa ni uchafu na rangi ya mbao iliyoyeyuka ikasafirishwa na maji, na husambaa zaidi ya ubovu, mara nyingine pungufu yake. Pima kwa kidole na bisibisi mpaka ufike pagumu, kisha ongeza mpaka katikati ya mbao inayofuata, ili ubao mpya na wa zamani wote wapate pa kushika. Ukikuta ukungu mweusi kwenye karatasi, hata kama pagumu, hapo pakatwe. Ukungu hula karatasi, na huanza ndani ya siku moja au mbili za kulowa. Kupaka dawa ya klorini juu yake hubadilisha rangi, mizizi inabaki ndani. Na kwa ajili ya mama: siku ya kubomoa alale kwa ndugu, milango ya vyumba ifungwe, fundi avae barakoa nzuri, ubao uwekwe kwenye viroba palepale usiburutwe nyumba nzima.

Kubomoa nako kuna adabu yake. Kabla ya kuvuta chochote, pitisha kisu chenye wembe mkali kwenye maungio yote ya eneo hilo na kwenye mstari ambao mikanda ya jipsamu inakutana na ukuta. Bila hivyo ukivuta ubao mmoja unachuna karatasi ya jirani yake, na kazi ya ubao mmoja inakuwa ya minne. Fungua skrubu, usipige nyundo. Ubao mzima wa futi 4 kwa 8 una kilo 20 hivi ukiwa mkavu, kwa hiyo wawe watu wawili.

Dari likiwa wazi, hapo ndipo utaona kilichochangia tumbo. Chukua futi upime kati ya mbao na mbao. Mimi dau langu ni sentimita 60, kama si zaidi. Mafundi wengi huweka hivyo kuokoa mbao, na ubao wa milimita 9 kwenye unyevu wa pwani hubonyea hata bila kuvuja. Inatakiwa sentimita 40. Hesabu inaingia vizuri maana ubao wa sentimita 122 unagawanyika mara tatu. Mwambie fundi aongeze mbao za mbili kwa mbili katikati wakati pako wazi. Ziwe kavu na zimepakwa dawa ya mchwa. Msonobari unaoshuka kutoka Lushoto ni mzuri, lakini ukiwekwa mbichi utakauka ukiwa juu ya dari, utajikunja, na vichwa vya skrubu vitachomoza kupitia rangi.

Skrubu zenyewe: zile nyeusi za kawaida huota kutu hapa kwetu na baada ya mwaka unaona vidoa vya rangi ya chai vimepangika dari zima. Omba zilizopakwa zinki, za milimita 25 mpaka 32. Ziwe kila sentimita 20, zisikae karibu na ukingo chini ya sentimita moja. Kichwa kizame kidogo tu, kiache kibonyeo, karatasi isipasuke. Skrubu iliyopasua karatasi imeshika unga, na unga haushiki kitu. Fundi wako akitumia misumari ya kawaida ya mbao, msimamishe.

Kukata ubao mpya ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: chora kwa kisu upande wa mbele, vunja kuelekea nyuma, kata karatasi ya nyuma. Ubao uwe wa unene uleule wa zamani, vinginevyo hakuna skimu itakayoficha ngazi. Acha nafasi ya milimita tatu kwenye maungio. Bandika tepu ya wavu, kisha unga wa jipsamu mara tatu, kila mara upana ukizidi ule wa kwanza, mkono wa mwisho ufike sentimita 15 kila upande wa ungio. Koroga kidogo kidogo. Unga ukianza kuganda kwenye ndoo usiongeze maji ukadhani umeufufua. Umeshamaliza kazi yake na utakatika ukikauka. Kabla ya msasa, washa tochi uilaze sambamba na dari: kila kilima na bonde kitaonekana. Ni afadhali ukione wewe leo kuliko mgeni wa Idi.

Sehemu yenye doa iliyobaki ikiwa ngumu, usiipake rangi ya maji moja kwa moja. Rangi ya maji huliyeyusha doa na kulivuta juu, utapaka mara tano na bado litachungulia. Paka kwanza mkono mmoja wa rangi ya mafuta ya chini, isiyong'aa, ikauke, ndipo rangi ya maji. Kwenye ubao mpya anza na rangi ya maji iliyozimuliwa, kwa sababu karatasi na skimu hazinywi rangi sawasawa.

Utasikia pia watu wakikushauri uachane na jipsamu, uweke PVC. Ni ushauri wa haki kwa bafu na baraza. PVC haijali maji na husafishwa kwa kitambaa. Kwa sebule nina shaka. Paa likivuja hutajua, maji yatakusanyika juu ya plastiki mpaka yaozeshe mbao. Na moto ukitokea, plastiki huyeyuka na kutoa moshi mkali, wakati jasi ina maji yaliyofungwa ndani yake, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake, ambayo hugeuka mvuke na kuuchelewesha moto. Dakika hizo chache ni za kutoka nje.

Sasa chumba cha mama, ambacho kwa kweli ndicho kinachonisumbua zaidi. Ule unga mweupe ni chumvi. Maji yanaingia ukutani kutoka upande wa bafu, yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye mchanga na saruji (na kama mchanga wa plasta ulichotwa ufukweni, chumvi ni tele), yanakuja nayo mpaka usoni pa ukuta. Maji yanakauka, chumvi inabaki na kuwa fuwele, na fuwele zikikua ndani ya vitundu vya plasta zinaisukuma mpaka inapasuka. Ukifunika ukuta huo kwa jipsamu, ya kijani au ya dhahabu, maji hayajaondoka. Umeyanyima tu pa kukaukia. Nyuma ya ubao patakuwa na giza, unyevu na karatasi, yaani kila anachohitaji ukungu, na mama mwenye pumu atavuta hewa hiyo usiku kucha asijue inatoka wapi. Hapo fundi wa pili amekushauri vibaya, nalisema bila kumumunya.

Kwa bahati nzuri kujua chanzo hakuhitaji hela. Fungeni bomba zote za nyumba usiku na muangalie mita: ikizunguka, kuna bomba linavuja, pengine ndani ya ukuta. Ikitulia, msioge kwenye bafu hilo wiki moja au mbili, muogee kwingine kama inawezekana, muone kama ukuta unaanza kukauka. Ukikauka, maji yanapita kwenye maungio ya marumaru au pale sakafu inapokutana na ukuta. Lakini unyevu ukiwa umepanda pia kwenye kuta ambazo hazipakani na bafu, basi unatoka ardhini, msingi haukuwekewa nailoni au udongo wa nje umepanda juu kuliko sakafu ya ndani.

Chanzo kikishazibwa, plasta mbovu ing'olewe mpaka nusu mita juu ya mahali unyevu ulipofika, chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu. Usiioshe, ukiiosha unairudisha ndani. Ukuta uachwe wazi ukauke, na hili ni suala la wiki nyingi, siyo siku mbili. Kisha plasta mpya kwa mchanga wa mto uliooshwa. Kama siku moja mtataka kuweka jipsamu ukutani, mfano kugawa chumba, tumieni ya milimita 12 na chini muache nafasi ya sentimita moja hadi moja na nusu kutoka sakafuni, ifichwe na ubao wa pembeni. Tunavyodeki kwa ndoo nzima huku kwetu, ubao uliogusa sakafu hunywa maji kila asubuhi.

Kuna mambo ambayo siwezi kukuelekeza kwa maandishi. Tumbo likiendelea kushuka wiki hadi wiki na paa ni kavu, au ukiona kenchi imepasuka au imeliwa na mchwa, mwite fundi wa paa aingie juu kabla mtu yeyote hajagusa dari. Taa ya sebule ikipepesa au swichi ikitoa cheche, fundi umeme kwanza. Na zile siling bodi za zamani zilizobaki vyumbani, kama ni ngumu, za kijivu, zinazolia kama kigae ukizigonga, usizikate, usizipige msasa wala kuzivunja. Huenda zina asbestosi, na vumbi lake huleta saratani baada ya miaka mingi. Zikiwa nzima na zimepakwa rangi hazina shida, ziacheni. Zikianza kupasuka, mpate mtu wa afya ya mazingira au mhandisi wa halmashauri aje azione kabla ya fundi yeyote mwenye msumeno.

Mama naye mhamishie kitanda upande wa pili wa chumba kuanzia leo, au bora alale chumba kingine mpaka plasta ing'olewe na vumbi liondolewe. Akianza kubanwa kifua usiku kuliko ilivyokuwa, msisubiri ukuta ukauke, mpelekeni hospitali na mumwambie daktari kuhusu huo ukungu na unyevu.